Aliyekataa Kuhama Kasri

Mjini Xi'an, zamani ukivuka reli kwenda kaskazini, ulikuwa unaingia mtaa ambao watu wa ndani ya ukuta hawakuupenda. Waliuita Ng'ambo ya Reli, na jina hilo walilitamka kama mtu anayetema mbegu ya tikiti. Huko, walisema, wanakaa wakimbizi wa Henan, wagomvi, wadokozi, watu wa maneno mengi. Wenyewe wa Ng'ambo ya Reli walikuwa na jibu lao. Ukimuuliza mmoja wao anakaa wapi, anakwambia, "Nakaa kwa mfalme." Na hakuwa anadanganya. Chini ya vibanda vyao vya udongo, chini ya mabanda ya kuku na mashimo ya kuhifadhia kabichi za majira ya baridi, lilikuwa limelala kasri la wafalme wa Chang'an, kama mji huu ulivyoitwa enzi za fahari yake. Tuta kubwa la ukumbi wa mfalme lilikuwa bado limesimama, limeota majani, mbuzi wanapanda na kushuka. Watu waliliita Kichwa cha Joka.

Kou Maisui alifika chini ya tuta hilo akiwa na miaka tisa. Jina lake maana yake ni suke la ngano, na baba yake alimpa jina hilo kwa sababu mwaka aliozaliwa ngano ilikubali vizuri. Haikukubali tena. Kwanza Mto Manjano ulivunja kingo ukameza mashamba, kisha likaja jua, kisha wakaja nzige, na mwaka ule wa njaa kijiji chao kule Henan kilibakiwa na watu waliokuwa wakichemsha magome ya miti. Baba yake, Kou Laoshun, alimchukua mkewe na mabinti wawili wakafuata reli kuelekea magharibi. Mama alifia njiani. Walimzika kando ya reli kwa mikono, wakamfukia harakaharaka kwa kuwa treni ilikuwa inakuja na lazima waipande. Walisafiri juu ya paa la behewa, baba amejifunga kamba pamoja na wanawe, Maisui mgongoni, na mdogo wake Xiaoman kifuani. Xiaoman alikuwa na miaka minne.

Kituoni Xi'an wakimbizi walikuwa wamelala chini kama magunia yaliyoshushwa. Baba alizunguka kutafuta kazi, hakupata. Alizunguka kuomba, akapata kidogo, kisha hakupata tena. Siku moja Xiaoman akaacha kulia, na mtoto wa njaa akiacha kulia ndipo pa kuogopa.

Mwanamke mmoja wa mjini, amevaa koti jeusi la pamba, ananukia maziwa ya soya, alikuwa akipita katikati ya wakimbizi akitazama watoto. Akasimama mbele yao.

"Huyu mdogo ni wako?"

"Ni wangu," baba alisema.

"Mimi sikujaliwa kizazi. Nyumbani chakula kipo. Nipe mimi, nitamlea kama niliyemzaa."

Mwanamke akatua mfuko wa unga miguuni pake. "Usidhani nanunua," alisema kwa sauti ya chini. "Ila huyu mkubwa naye ana tumbo."

Maisui aliyaona yote. Alimwona baba akifungua ile kamba, fundo likakataa, ikabidi alifungue kwa meno. Alimwona akimkabidhi Xiaoman, ambaye wala hakushtuka, kwa jinsi alivyokuwa amelegea. Mwanamke alipokwisha geuka, baba ndipo alipopata sauti.

"Sisi tutakuwa kwenye tuta la mfalme!" akapaza. "Mama, kwenye tuta la mfalme! Akitaka kutuona, tuko pale!"

Wenzao walikuwa wamewaambia kwamba watu wa Henan wanaelekea huko, kwa sababu ardhi ile haina mwenyewe. Mwanamke aliitikia kwa kichwa, akapotelea kwenye umati. Jina lake hawakuliuliza.

Baba alijenga kibanda chini ya tuta kwa matofali ya kasri. Yalikuwa yamezagaa kila mahali, makubwa, ya kijivu, mazito, na ukiyagonga yanalia kama kengele. Wenyeji walikuja kumwonya.

"We Mhenani, hayo ni ya mfalme. Yana laana."

"Laana ya mfalme aliyekufa naiweza," Laoshun aliwajibu bila kuacha kazi. "Baridi ya huku kwenu ndiyo inayonishinda."

Aliishi miaka michache tu baada ya hapo. Alikuwa mtu wa kuchekesha, lakini kila alipokula alikuwa akisimama katikati ya chakula na kutoka nje, kutazama njia inayopanda kutoka relini. Alipolala kitanda cha mwisho alimwita Maisui, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa.

"Mwanangu, nyumba hii usiihame. Nilimwambia tuko hapa."

"Nimesikia, baba."

"Hata wakikufukuza."

"Nimesikia."

Maisui alibaki peke yake duniani akiwa na kibanda, sufuria kubwa, na ufundi wa kupika supu ya Kihenani, ile nzito yenye pilipili manga ya kukutoa jasho la pua. Kila asubuhi aliisukuma kwa mkokoteni kuvuka reli, akapita lango la ukuta, akainadi mitaani. Wanunuzi walidhani anawatazama ili aone nani ana njaa. Kumbe alikuwa anamtafuta Xiaoman. Kila msichana wa rika lile alimkagua, macho, pua, namna ya kutembea. Lakini uso wa mtoto wa miaka minne huhama kila mwaka, na Maisui hakuwa na picha wala alama ya kumtambulia. Baada ya muda akakubali kwamba hata wakigongana kichochoroni hatamjua. Basi akaona, kama yeye hawezi kumtambua mdogo wake, afadhali mdogo wake aweze kumtambua yeye.

Ndiyo sababu hakuacha Kihenani chake. Wakimbizi wengine walijifunza kuongea kama watu wa Shaanxi, wenyeji wa huku, ili wasitukanwe sokoni. Maisui alizidi kukikoleza. Ukimwomba kitu na yeye akakubali, hasemi ndiyo kama watu wa hapa, anasema "Zhong!" kama kwao, kwa sauti ya kufukuza ndege shambani, na watu wa ndani ya ukuta wanacheka.

Hui Genwang hakucheka. Alikuwa mwenyeji, mkulima wa ngano upande wa kaskazini wa tuta, kijana mrefu mwenye masikio makubwa, na alianza kunywa supu kila siku hata siku ambazo tumbo lilimkatalia. Mama yake alipojua anataka kumwoa Mhenani, alikaa kizingitini akapiga mapaja.

"Wasichana wa Shaanxi wamekwisha wote? Wamekufa?"

"Wapo, mama. Ila hawajui kupika supu."

Na balaa ikazidi pale Maisui aliposema yeye hahami kwake, anayemtaka amfuate. Mwanamume kuhamia kwa mke! Mtaa mzima ulipata la kuzungumza. Genwang alibeba blanketi lake na jembe, akashuka tuta mchana kweupe, watu wanamwona.

"Sijahamia kwa mke," aliwaambia waliokuwa wakimzomea. "Nimehamia kwa mfalme."

Maisui alimwambia habari za Xiaoman wiki ile ile ya harusi. Genwang alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alichukua panga akafyeka ua wote wa mabua uliokuwa mbele ya nyumba, ili anayepanda kutoka relini aonekane tangu mbali. Maisui alisimama mlangoni akimtazama, na hapo ndipo alipompenda mumewe.

Muda si mrefu wakaja wataalamu wa mambo ya kale, na masanduku yao na kamba zao, wakaanza kulichimba tuta. Walihitaji vibarua, Genwang akaajiriwa. Kazi ile aliipenda kupita kilimo. Jioni alirudi na vumbi hadi kwenye kope, na kabla hajanawa ameshaanza kusimulia. Leo tumepata mahali zilipokaa nguzo, nguzo moja watu wawili hawaikumbatii. Leo tumepata ngazi alizopanda mabalozi wa nchi za mbali, wamebeba zawadi, wanatetemeka magoti.

"Walitetemeka kwa nini?"

"Ungekuwa wewe usingetetemeka? Kutoka langoni hadi kwa mfalme ni mwendo, unapanda tu, unapanda, na yeye yuko juu kule kama yuko mawinguni."

"Mimi ningemuuliza kama amekunywa supu."

Jioni moja alirudi kimya. Alikaa akasugua mikono, maji yakawa meusi.

"Tumefika kwenye majivu," alisema. "Sakafu nzima ni majivu tupu. Kasri liliungua."

"Nani alilichoma?"

"Waasi, askari, kila aliyekuwa na moto mkononi. Na wala haukuwa mwisho wake. Mtaalamu ametusimulia. Baada ya hapo alitokea jenerali mmoja mwenye nguvu kuliko mfalme mwenyewe, akaamuru mji wote ubomolewe. Wote! Boriti za makasri, boriti za nyumba za watu, zikatupwa mtoni Wei zikaelea kwenda mashariki. Na watu wakaswagwa kuzifuata, wanalia njia nzima. Tangu siku ile Chang'an haikuwa tena mji wa mfalme." Akanyanyua kichwa, na ule mzaha wake ukamrudia machoni. "Unajua mbao zilipelekwa wapi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Luoyang! Henan! Kwenu! Mmetuibia mji mzima, mmekaa nao miaka elfu moja, halafu mnakuja hapa mnaomba chumba!"

Maisui akamrushia kitambaa cha kufutia meza, kikamkaa kichwani. "Tumekuja kuurudisha, mbona huna shukrani? Nani aliyejenga mtaa hapa, si sisi? Ninyi mlikuwa mnachungia mbuzi."

Walicheka. Lakini Maisui alipokuwa akipakua chakula aliacha mwiko hewani.

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Wa hao waliobomolewa. Wadogo, wale wasioweza kutembea safari kama hiyo. Waliwafanyaje?"

"Hilo mtaalamu hakutuambia," Genwang alisema.

Miaka ikaenda. Walimzaa Aiping, mtoto mmoja tu aliyesimama, wengine wawili walikufa wachanga. Mashamba ya ngano yaligeuka karakana na viwanda, Genwang akapata kazi katika kimojawapo, vibanda vikazaa vibanda, vichochoro vikawa vyembamba mpaka mwavuli haupiti ukiwa wazi. Maisui aliendelea na supu yake. Mara mbili Genwang alipewa nafasi ya nyumba za kiwanda upande wa magharibi, zenye maji ya bomba, na mara mbili alikataa, akawaambia wakubwa wake kwamba mkewe ana ugonjwa wa kutohama. Hakumsimanga mkewe kwa hilo hata siku moja. Alipofariki, uzee ukiwa umeshamlainisha kabisa, Maisui alimlilia sana, na jambo moja lililomliza ni kwamba sasa hakubaki mtu wa kujua kwa nini anatazama njia.

Aiping hakuambiwa. Si kwamba mama yake alitaka kumficha. Ila habari yenyewe ilikuwa na ule mfuko wa unga ndani yake, na Maisui hakujua namna ya kumweleza mtoto kwamba yeye alinusurika kwa unga ule.

Basi ikafika zamu ya Ng'ambo ya Reli. Ikatangazwa kwamba mtaa wote uliokaa juu ya kasri utaondolewa, mahali pale patengenezwe bustani kubwa, kasri liheshimiwe kama linavyostahili, na wakazi wapewe fleti. Kwenye kuta likachorwa neno Bomoa kwa chokaa, ndani ya duara. Wengi walifurahi, tuseme kweli. Watu walikuwa wamechoka kuoga kwa beseni. Majirani walianza kuhama na makabati yao, wengine wanalia, wengine wanaimba. Maisui, sasa bibi wa miaka sabini na kitu, alichukua kiti akakaa mlangoni.

"Mama, kule choo kiko ndani," Aiping alimbembeleza. Alikuwa amestaafu kiwanda cha nguo, na mdomo alikuwa ameurithi kwa baba yake. "Ndani, mama! Hutapanga foleni na ndoo kwenye barafu."

"Foleni nimeizoea. Ndipo ninapopata habari."

"Kuna lifti."

"Ya kunipeleka wapi?"

"Juu! Ghorofa ya nane! Utaona mji mzima."

"Na mji utaniona mimi?"

Aiping alishika kiuno, akamtazama Binti Xue, msichana wa ofisi ya uhamisho, kama mtu anayesema, haya, jaribu wewe. Binti Xue alikuwa mpole, na alikuwa ameshatukanwa sana wiki ile. Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Bibi, nieleze ukweli. Fleti ni ndogo?"

"Sijaiona."

"Ni kaburi la mzee?"

"Makaburi tulishayahamisha."

"Sasa ni nini, bibi yangu?"

Maisui alitazama njia. Mbele yao nyumba tatu zilikuwa zimeshalala chini, na njia ya kutoka relini ilikuwa imejaa kifusi.

"Kuna mtu tulimwambia tuko hapa," alisema.

"Nani?"

"Mdogo wangu."

"Mlimwambia lini?"

"Mwaka wa njaa."

Aiping alikuwa akikunja nguo. Zilimdondoka. "Mdogo wako nani? Mama? Una mdogo wako?"

Hapo Maisui akasema yote, kituo, kamba, mwanamke wa koti jeusi, unga. Alisema akitazama mikono yake. Alipomaliza, Aiping alikuwa anamwaga machozi, nusu ya huzuni na nusu ya hasira.

"Umri wangu wote nina mama mdogo mjini hapa, sina habari! Nimekuita mkaidi mbele za watu! Baba alijua?"

"Alijua."

"Ndiyo maana alikataa zile nyumba za bomba!" Akakaa kwenye rundo la nguo. "Nami nikamnunia mwaka mzima."

Binti Xue alifuta macho kwa kiwiko. Ndiye aliyekumbuka kwamba watu wa televisheni wapo upande wa pili wa tuta wanapiga picha za wakazi wa mwisho. Akaenda akawaleta. Maisui hakutaka. Alisema nywele zake hazijachanwa. Aiping akamchana, kwa nguvu kidogo. Kisha wakamwekea kipaza sauti na kumwambia aongee kama anaongea na mdogo wake mwenyewe.

Maisui alikohoa. Alikusanya Kihenani chake chote.

"Xiaoman," alisema, "ni mimi Maisui. Wanaijenga nyumba ya mfalme upya, inabidi nihame. Baba alikungoja hapa hadi alipokufa, nami nimekungoja. Kama uko hai, njoo kabla hawajabomoa. Kama hutaki kuja, zhong, basi. Ila ujue nakwenda kukaa ghorofa ya nane, Aiping atawaambia mtaa gani, mimi sijaujua jina."

Ilionyeshwa jioni ile kwenye habari za mji. Watu wengi waliiona, baadhi yao wakaja na matunda kumpa pole, na mzee mmoja akaja kudai kwamba yeye ndiye Xiaoman, ikabidi arudishwe kwake na wanawe. Wiki nzima ikapita bila lolote. Aiping alianza kufunga vyombo na mama yake hakumzuia.

Ndipo asubuhi moja akapanda njiani, katikati ya kifusi, bibi mwembamba aliyevaa vizuri, nywele fupi nyeupe, na fimbo. Gari lilikuwa limemshusha chini kwa sababu lisingeweza kupanda. Alitembea polepole, anakagua kila anapokanyaga, na hakuuliza mtu njia. Maisui alimwona tangu relini.

Bibi yule akasimama mbele ya kiti. Alipoongea, ilikuwa Kishaanxi safi cha ndani ya ukuta.

"Mimi naitwa Dang Shuxian. Mama yangu alikuwa muuza tofu ya soya."

"Alinukia maziwa ya soya," Maisui alisema.

"Siku zote."

Aiping alileta kiti cha pili, akajificha nyuma ya mlango, lakini nusu ya sikio ilikuwa nje. Wale wawili walikaa wakitazama kifusi badala ya kutazamana.

"Mama alikuwa mtu mzuri," Shuxian alisema. "Nataka ulijue hilo kwanza. Sikupata shida kwake. Nilipokaribia kuolewa akaniambia nilikotoka. Akaniambia mko kwenye tuta la mfalme, na akaniambia habari ya unga. Nikaja."

"Ulikuja?"

"Nilikuja hapa hapa. Mbele hapakuwa na ua, nilikuona tangu mbali. Una mtoto kiunoni, unamgombeza mumeo, naye anacheka, na wewe unacheka. Nikasimama pale. Nikasema moyoni, tazama walivyonawiri. Unga wangu umewakaa. Nikarudi."

Maisui alikuwa akikunja na kukunjua upindo wa nguo yake.

"Baadaye sana nilikuja tena, langoni, ulikokuwa unauza supu. Nikanunua bakuli. Ukaniuliza nikuongezee siki? Nikatikisa kichwa tu. Niliogopa nikifungua mdomo nitalia mbele ya watu." Akagonga fimbo chini. "Pilipili zako nyingi mno."

"Ndivyo inavyopikwa."

"Iliniunguza."

"Ungesema!" Maisui akageuka akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ungesema, Xiaoman! Nilikuwa nakutazama kila uso, miaka yote, nakutafuta mpaka nakosea chenji, nawe umesimama mbele yangu unakunywa supu yangu!"

"Nilikuwa na hasira."

"Ya unga?"

"Ya unga."

Aiping, nyuma ya mlango, alisogeza sikio. Alidhani mama yake atasema kwamba ule unga haukuliwa, kwamba babu aliumwaga, au aliugawa. Watu hupenda kusema mambo ya namna hiyo. Maisui hakusema hivyo.

"Tuliula," alisema. "Wote. Baba alikanda kwa maji ya bomba la kituo, akachoma kwenye kipande cha bati. Alikuwa analia huku anatafuna. Mimi nilikuwa nalia huku natafuna. Kisha nikamwambia nataka kingine, akanipa. Ule ndio ulionivusha baridi ile. Sitakudanganya, Xiaoman. Nimeishi kwa sababu yako."

Bibi wa ndani ya ukuta aliegemea fimbo yake. Lori la kubebea kifusi lilipita chini kwa kelele, likaenda.

"Ulikuwa mtamu?" akauliza mwishowe.

"Ulikuwa na mchanga."

Shuxian alitoa sauti ambayo Aiping hakuijua ni kilio au kicheko, mpaka alipochungulia akaona mabega yote manne yanatikisika, na mkono wa mama yake umeshika ule mkono mwembamba kwa nguvu kiasi cha kuumiza.

"Utakunywa supu?" Maisui aliuliza, akijifuta pua. "Nitapunguza pilipili."

"Zhong," alisema Xiaoman, na wote wawili wakashtuka, kwa sababu neno lile hakuwa amelitamka tangu utotoni.

Maisui alihama wiki iliyofuata. Alifunga mlango wa kibanda kwa kufuli, ingawa kesho yake kilibomolewa, na hakwenda kutazama. Fleti aliilalamikia kila kitu: sakafu inateleza, majirani hawasalimiani, maji ya moto yanatoka ghafla kama yanamvizia. Choo cha ndani hakukilalamikia.

Bustani ilipofunguliwa wale dada wawili walikwenda pamoja, Aiping akiwasukumia kiti cha magurudumu ambacho walikikalia kwa zamu. Tuta lilikuwa limevalishwa matofali mapya, limekuwa kubwa, limekuwa la mfalme kweli. Walitafuta mahali ilipokuwa nyumba, hawakupaona. Maisui alisema ni kwenye yale majani, Xiaoman akasema hapana, ni karibu na ile taa. Wakabishana mpaka watalii wakageuka. Msichana aliyekuwa akiwaongoza watalii alikuwa akieleza, kwa sauti nzuri, jinsi kasri lilivyokaa hapo miaka elfu moja bila mtu.

"Bila mtu?" Xiaoman alinong'ona. "Unamsikia? Nikamwambie?"

"Mwache, bado mtoto," Maisui alisema. "Hebu nisukume, huku kuna upepo."

Mume wa Xiaoman alikuwa ameshafariki, na nyumba ya mwanawe ilikuwa na watu wengi na mlango unaofunguliwa ovyo, baridi ikiingia. Baridi ya mwaka ule akaja kulala kwa dada yake usiku mmoja, akakaa mpaka miti ilipochipua. Mwaka uliofuata alikuja na masanduku. Wajukuu wa pande zote mbili walikuwa wanawatembelea siku za mapumziko, na waliwakuta kila mara katika ugomvi ule ule, redio moja na masikio manne, mmoja anataka opera ya Henan na mwingine opera ya Shaanxi.

"Hiyo ya kwenu si kuimba," Maisui anasema, "ni mtu ameangukiwa na jiwe mguuni."

"Na hiyo ya kwenu? Mwenyewe hujui anachosema."

"Yetu! Wewe ulizaliwa wapi?"

"Nilizaliwa kwenu," Xiaoman anasema, anageuza kitufe cha redio. "Nimekulia hapa. Sogea, unaniziba."